Mashine Yenye Matundu Manne

Shemeji yangu amekaa Ujerumani miaka mingi kiasi cha kusahau kwamba nyumba ya baba yake haina dari, na kwamba mimi ni mwalimu wa hesabu, si fundi wa redio. Kila mzigo wake wa kwenda kwa wazee kule Nkubu hupitia kwangu Embu, eti kwa kuwa niko njiani. Lakini sababu naijua: katika ukoo wa mke wangu, anayejua logi anahesabiwa kuwa anajua na nyaya. Nimeshawafungia king'amuzi, nimewatengenezea pampu ya kisima, na nimeulizwa kwa nini ng'ombe wa gredi amepunguza maziwa. Mkwe hakatai. Akikataa, watu huanza kukumbuka kwamba mahari haijaisha.

Safari hii ilikuja bahasha nene ya diski, bila mashine, na ujumbe wa sauti kwenye simu: "Shem, hizo si CD za kawaida. Hizo ni SACD. Mwambie mzee atasikia hata kiti cha mpiga piano kikilia."

Nikajiuliza ni nani aliyewahi kulalamika kwamba hasikii kiti.

Ila nimtetee mzee kidogo. Baba mkwe si mtu wa kudanganywa kwa mambo ya sauti. Alifundisha kwaya ya parokia hadi akastaafu, na ana uwezo wa kuinyamazisha kwaya nzima kwa mkono mmoja na kwa mkono wa pili akamwonyesha kidole mama wa safu ya nyuma aliyeteleza nusu noti. Sebuleni kwake kuna redio-gramu ya miguu minne na rundo la santuri ambazo mjukuu akizigusa hulala na njaa. Kipimo chake cha kila kitu ni Missa Luba. Anazo zote mbili: ile ya Les Troubadours du Roi Baudouin, wavulana na walimu wa Kamina, Kongo, chini ya Padri Guido Haazen, na ile ya mwaka 1990 ya Muungano National Choir ya hapa kwetu, chini ya Boniface Mganga. Ipi bora? Usimuulize kama una safari. Kwa kuwa zote mbili zilitolewa na Philips, na kwa kuwa Philips na Sony ndio waliotuletea CD na baadaye SACD, mzee ana imani na kampuni hiyo ambayo hata baadhi ya maaskofu hawajaipata kutoka kwake.

CD ilitoka mwaka 1982, ikapewa kazi ya kuipima sauti mara 44,100 kila sekunde. Namba hiyo naipenda sana. Chukua namba tasa nne za kwanza, yaani 2, 3, 5 na 7, zidisha pamoja upate 210, kisha tafuta mraba wake. Niliwahi kuwapa Kidato cha Pili swali hilo, mmoja akanijibu kwa sala. Kila kipimo cha CD huandikwa kwa tarakimu 16 za sifuri na moja. SACD, iliyotoka mwaka 1999, ikaamua kupima mara 2,822,400 kwa sekunde, mara 64 ya CD, ila kila mara hutoa tarakimu moja tu: panda au shuka. Ni mtu anayejibu kwa neno moja lakini hanyamazi.

Mwaka 2000 kundi jingine la makampuni likaleta DVD-Audio, nayo ikadai kwamba yenyewe ndiyo sauti ya kweli. Ukiwa na mashine ya hii, diski ya ile haikujui. Mnunuzi akaambiwa achague upande. Mnunuzi akachagua mtandao wa Napster, ulioanza mwaka uleule wa 1999, ambako nyimbo zilikuja bure, zimekonda, hazina pumzi wala kiti cha piano, na hakuna aliyelia. Wapenzi wa sauti safi walibaki wakizozana wao kwa wao, jambo ambalo, kwa kadiri ninavyowajua, ndilo walilokuwa wakilipenda tangu mwanzo.

Halafu kuna makufuli. Waliotengeneza SACD waliwaogopa wezi kuliko walivyowapenda wateja. Hapakuuzwa kompyuta yenye uwezo wa kuisoma. Mashine zake za mwanzo zilikataa kutoa sauti hiyo kwa waya wa dijitali, mtu asije akainakili. Zilitoa kwa nyaya za analogi, na ukitaka spika zote zilie, basi uchomeke nyaya sita. Wazee wa Njuri Ncheke, baraza la Wameru, wamekaa na siri zao kule Nchiru vizazi na vizazi, lakini nadhani hata wao wangeuliza: sasa hii mmemfungia nani?

Mimi nilifungiwa. Katika bahasha kulikuwa na diski za aina mbili. Baadhi zina matabaka mawili, moja la CD ya kawaida na jingine la SACD, kwa hiyo deki yoyote ya mtaani itaimba lile tabaka la kawaida bila kukuambia kwamba lipo jingine. Nyingine zina tabaka la SACD peke yake. Ya kwanza kuitoa ilikuwa ya aina hii ya pili: Kind of Blue ya Miles Davis. Nikaiweka kwenye deki yangu. Ikazunguka, ikakohoa, ikaandika NO DISC. Kuambiwa na mashine kwamba kitu ulichoishikisha mkononi hakipo ni dharau ya aina yake.

Nikaipeleka kwa fundi mjini. Fundi akaiinua kwenye balbu, akaitazama kwa jicho moja, akachovya pamba kwenye spiriti, akaisugua kutoka katikati kwenda nje taratibu, huku akinieleza kwamba watu wengi huharibu diski kwa kusugua kwa kuzunguka. Akaipuliza. Akairudisha. NO DISC. Akaweka CD yake ya injili, ikaimba mpaka mwenye duka la jirani akaitikia. Akanitazama kwa huruma.

"Mwalimu, hapa umeuziwa kopi."

Diski iliyowasumbua wezi wa dunia nzima, ikaitwa kopi Embu.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba mashine ya kuichezesha ilikuwepo mjini, na haikuwa kwa daktari wala kwa wakili. PlayStation 3 za mwanzo kabisa, zile nene zilizotoka kuanzia mwaka 2006, ziliwekewa uwezo wa kucheza SACD. Matoleo ya baadaye yakanyimwa. Utaitambua kwa matundu ya USB hapo usoni. Yakiwa manne, inacheza. Yakiwa mawili, rudi nyumbani. (Ni kwa kupitia mashine hizohizo ndipo mwaka 2011 wajanja wakafanikiwa kuitoa sauti ya SACD na kuihamishia kwenye kompyuta. Makufuli yote yale, na mlango wa nyuma ukaachwa kwenye chombo cha watoto.) Basi nikaanza kuzunguka vibanda vya gemu vya Embu, mtu mzima mwenye tai, naingia, nainama, nahesabu matundu, natoka. Nadhani walidhani ni kaunti imeanzisha leseni mpya.

Nikaipata, mtumba, imefungwa kwa gundi ya karatasi upande mmoja, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya steji. Matundu manne. Tatizo ni kwamba shuleni mimi pia ni mwalimu wa nidhamu, na ilikuwa saa za jioni, wakati ambao wanafunzi wa bweni wanatakiwa kuwa darasani wakisoma. Nilipoinua kichwa kutoka kwenye yale matundu, benchi zima lilikuwa limegeuka sanamu. Mmoja alikuwa amejifunika uso kwa padi ya gemu. Siwezi kueleza ukimya ulioingia humo ndani. Hapa Embu sijapata mazingira bora ya kusikilizia muziki.

"Ni mechi ngapi?" akauliza kijana wa kibanda. Hapo muda huuzwa kwa mechi.

Nikamwambia sichezi, nataka kusikiliza muziki tu. Akafikiri, akasema muziki pia ni mechi.

Nikalipa. Diski ikaingia, ikakubaliwa bila swali. Skrini ikabaki na maandishi machache, na kutoka kwenye spika za TV, zisizozidi kiganja cha mtoto, ikatoka sauti iliyopimwa mara milioni mbili na ushee kwa sekunde. Nilifumba macho ili wale wa benchi wapate nafasi ya kutoroka kwa heshima. Hawakutoroka. Walidhani ni mtego.

"Mwalimu," mmoja akajitolea kuongea, nadhani alishaona kwamba adhabu ni ileile, "huyu anayecheza ni nani?"

"Miles Davis."

"Anachezea wapi?"

"Columbia."

"Ya kina James Rodríguez?"

"Hapana. Yupo na John Coltrane."

"Huyo ni namba ngapi?"

Nikasema saksafoni. Wakatazamana. Kijana wa kibanda akaja kuuliza kama gemu imekwama, maana haina picha. Dakika za mechi zilipokwisha akatoa diski yangu kwa vidole viwili vyenye mafuta ya chipsi, na FIFA ikarudi na kelele zake. Kesho yake gwaride la asubuhi lilikuwa na watu watulivu ajabu, wote wakingoja majina yasomwe. Sikuyasoma. Mwalimu wa nidhamu aliyekutwa kibandani hasomi majina.

Mashine yenyewe ililetwa baadaye na mtu aliyekuja likizo, mtumba wa Ujerumani, pamoja na zile nyaya sita na amplifaya nzito. Nikapanda nayo matatu kwenda Nkubu, amplifaya mapajani. Makanga alitaka niilipie nauli ya mtoto. Barabara hiyo naipenda kwa sababu moja ya kisauti: unatoka Embu dereva amefungulia Wimwaro FM, unapita Runyenjes, Kiembu kinaanza kukwaruza, na ukikaribia Chuka mkono wake unakwenda wenyewe kwenye Muuga FM, na Kimeru kinamalizia habari ileile iliyoanzwa kwa Kiembu. Wimbi la FM halina habari na vipimo milioni mbili kwa sekunde. Linatosha kumjulisha mtu kwamba ameingia kwa wakwe. Tulipofika kwenye mteremko wa Daraja la Nithi, mahali pa ajali nyingi, dereva akapunguza redio bila kuambiwa, na gari zima likanyamaza, kama inavyokuwa siku zote hapo. Hata amplifaya niliishika vizuri zaidi. Tulipoanza kupanda ng'ambo ya pili, mama mmoja akasema "Asante Yesu," na redio ikarudishwa juu.

Nkubu, kazi ilianza vizuri. Spika tano nilizipata kwa kuchangisha: mbili za redio-gramu, mbili za home theatre ya binamu, moja iliyowahi kutumika kanisani na ambayo mpaka leo inanguruma ukitamka herufi m. Wufa tulikuwa nalo. Nilizipanga kwa rula, kwa pembe ambazo vitabu vinataka, mbili mbele, moja katikati, mbili nyuma ya kochi. Nikatoka nje kunawa mikono. Niliporudi, kila spika ilikuwa imevalishwa kitambaa.

Si vitambaa vya kawaida. Vilikuwa vile vya kufuma kwa uzi mzito, vyeupe, vyenye maua ya waridi pembeni, vya seti moja na vya makochi, TV, meza na kalenda. Vile vya spika za mbele vilishuka mpaka chini, vikafunika zile koni ndogo za juu zinazotoa sauti nyembamba, ambazo ndizo SACD nzima ilibuniwa kwa ajili yake. Juu ya wufa palikuwa na thamosi ya chai na vikombe sita.

Mkwe hawezi kumwambia mama mkwe aondoe kitambaa. Nilikulia Embu na sihitaji kuelezwa na Mmeru. Nilichoweza ni kusema, "Mama, vimependeza sana," naye akaenda kuleta kingine cha kufunika mashine.

Mzee akakaa katikati ya kochi, pale nilipomwonyesha, mikono juu ya bakora. Nikaweka The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, toleo la mwaka 2003 lenye matabaka mawili, kwa sababu shemeji alisisitiza kwamba hiyo ndiyo ya kuonyeshea spika tano. Kuna mahali katika santuri hiyo saa nyingi hulia kwa pamoja, za ukutani na za kengele. Katika toleo hili zinalia kukuzunguka. Zilipolia, Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi akiuliza ni nani ameweka alamu, mbwa akabweka nyuma ya kochi ambako hapakuwa na mtu, na mzee, ambaye tangu aache kufundisha hajawahi kuamshwa na saa ya mtu, alisimama. Halafu stima ikapotea.

Iliporudi, mashine ilikuwa imejisahau. Waya mmoja wa nyuma, nikaja kuona, ulikuwa umetafunwa na panya, na sehemu ya mipangilio imerudi ilivyotoka kiwandani. Mashine ikaamua kusoma lile tabaka la kawaida. Kwenye kioo, kwa maandishi madogo ya buluu nusu yake yakiwa chini ya ua la waridi, iliandikwa: CD. Sauti ikatoka kwenye spika mbili za mbele, kama ilivyokuwa ikitoka tangu mwaka 1982.

Mzee akarudi kuketi. Akasikiliza wimbo mzima, kichwa kimeinama. Kisha akavuta pumzi.

"Mkwe, unasikia tofauti?"

"Nasikia, Baba."

"Hii si CD."

"Ndiyo, Baba."

"Pale mwanzo kulikuwa na fujo. Sasa ndiyo imekaa. Unasikia pumzi ya mwimbaji? CD haiwezi kukupa pumzi. Nilikwambia Philips hawawezi kunidanganya."

Ungefanyaje? Kuna mambo ambayo mtu anaweza kumsahihisha baba mkwe wake, na sijui hata moja. Nilimmiminia chai kutoka juu ya wufa.

Usiku nikiwa nimelala nilijiliwaza kwa takwimu. Mwaka 2007, E. Brad Meyer na David Moran walichapisha katika jarida la Audio Engineering Society majaribio waliyofanya Marekani. Walicheza SACD na DVD-Audio kwa mashine nzuri, wakiwapa wasikilizaji ama sauti ile yenyewe ama ileile ikiwa imepitishwa kwenye kiwango cha CD, bila kuwaambia ipi ni ipi. Majaribio 554. Majibu sahihi 276. Naomba Kidato cha Pili wakokotoe: ni pungufu kidogo ya nusu. Kurusha shilingi kungewashinda kwa pointi moja, na shilingi haijanunua nyaya za bei ya ng'ombe. Walichokiri ni kwamba nyingi kati ya diski hizo zilikuwa na sauti nzuri kuliko CD za madukani, kwa sababu mafundi wa studio waliziandaa kwa uangalifu zaidi, wakijua zinakwenda kwa watu wanaosikiliza. Kwa hiyo mzee yawezekana alisikia kitu. Kwaya ikifundishwa vizuri huimba vizuri hata kwenye redio ya mkulima.

Tena kuna suala la masikio. Mtoto husikia mpaka mitetemo kama 20,000 kwa sekunde, na kila mwaka unaopita unachukua kidogo kutoka juu. Wenye masikio ya kuzikaribia zile sauti nyembamba za SACD ni wale wa benchi la kibandani, ambao hawana hata nauli. Wenye uwezo wa kuinunua wana mvi na miwani. Makampuni yalitengeneza chombo cha vijana wa miaka 15 wenye pensheni.

Jioni iliyofuata mzee aliwaalika wazee wenzake wa kwaya waje wasikie pumzi. Ilikuwa Novemba, na mtu yeyote anayeishi upande huu wa Mlima Kenya angemwambia shemeji kuhusu Novemba. Wazee walikaa, makofia magotini. Pikapu za miraa zilizotoka Maua zilikuwa zimeshapita, kinu cha posho kimezimwa, wajukuu wamefukuzwa. Mzee akainua mkono kama anaianzisha kwaya. Matone ya kwanza yakaanguka upande wa jikoni, machache, yamepishana, na nikaona mzee mmoja akitikisa kichwa, akidhani ni ngoma za Chuka zimo kwenye diski. Kisha mvua ikaja yote.

Aliyelala chini ya mabati yasiyo na dari wakati wa mvua ya Meru anajua. Mzee akaongeza sauti. Mvua ikaongeza. Akaongeza mpaka ile spika ya kanisani ikaanza kunguruma kwa herufi zote. Wazee walikuwa wanazungumza kwa kupiga kelele masikioni mwa wenzao, wakisifu. Mmoja akanishika bega akapiga kelele, "Iko wazi sana!"

Simu yangu ikatetemeka. Shemeji. Nikaingia nayo kwenye kona ya kalenda.

"Shem! Mzee anaionaje?"

"Anaisifu!"

"Mwambie DVD-Audio ndiyo imekufa, lakini SACD bado wanatoa, hasa muziki wa kanisani na wa okestra. Na kuna Blu-ray ya sauti tupu, hiyo hata sijui nikuelezeje. Nitume?"

Mzee alikuwa ameshanyoosha mkono. Nikampa simu. Akaiweka mdomoni badala ya sikioni, jinsi anavyoongea na Ujerumani.

"Baba! Hizi diski ni nzuri! Usitume nyingine! Tuma pesa ya dari!"

Sikusikia alichojibiwa.

"Dari! D-A-R-I! Ya sebuleni!"

Kutoka jikoni, juu ya mvua, juu ya Pink Floyd, juu ya wazee wote, ikaja sauti ya Mama, nayo haikuhitaji amplifaya:

"Na ya jikoni!"